Binti Yako Akisema, "Nataka Kuwa Kocha"

Alhamisi moja, baada ya kipindi cha akina mama, tulibaki nyuma ya kanisa tukimenya ndizi za sherehe ya kipaimara. Tulikuwa sita, na rundo la ndizi mbele yetu lilikuwa kubwa. Kutoka pale tulipokaa, sisi watu wa Murongo tunauona Mto Kagera ukipita chini, na ng'ambo yake nyumba za Kikagati katika nchi ya Uganda. Ni mahali pazuri pa kuzungumza, maana mikono ina kazi na midomo iko huru.

Mama mmoja kati yetu akaweka kisu chini. "Jamani," akasema, "naomba mnisaidie mawazo. Binti yangu wa kidato cha tatu amerudi kutoka kwenye mashindano ya UMISSETA. Alikuwa anasema atakuwa mwuguzi. Sasa hataki. Anasema anataka kuwa kocha wa mpira."

Tulicheka, tunakiri. Mmoja akauliza kama binti huyo atakwenda kujitambulisha kwa wakwe akiwa na filimbi shingoni. Mwingine akauliza, "Na nani atamposa?" Lakini yule mama hakucheka. Akasema, "Baba yake ameapa kwamba hatalipa ada ya mtoto anayesomea kucheza. Muhula unafunguliwa baada ya wiki tatu. Niambieni, nifanye nini?"

Tukanyamaza. Jambo lilikuwa zito kuliko tulivyodhani. Si habari ya mpira tena, bali ya shule ya mtoto na amani ya nyumba. Na kusema kweli, hakuna hata mmoja wetu aliyejua kazi ya ukocha ni kazi gani. Je, ina mshahara? Ina heshima? Mwanamke anaweza kuzeeka ndani yake? Tukakubaliana kwamba kabla ya kumshauri mwenzetu tutafute kwanza habari za wanawake walioifanya kazi hiyo. Haya tunayokuandikia, mama msomaji, ndiyo tuliyoyapata.

Mchezo wa nchi ya baridi

Mwanamke aliyetufundisha zaidi hakufundisha soka wala netiboli. Alifundisha mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Usishangae. Tulimchagua kwa sababu maisha yake ya kazi yanaonekana wazi mwanzo hadi mwisho: kupanda, kushindwa, kushinda, kuondolewa kazini, na kwenda mahakamani. Mengi ya hayo yanaweza kumpata mwalimu wa kike au karani wa kike hapa kwetu.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Wachezaji huvaa viatu vyenye visu vya chuma chini, na juu ya barafu huteleza kwa kasi kubwa. Kila timu ina watu sita uwanjani, golikipa akiwemo. Badala ya mpira wa duara wanagombea kisahani kigumu cha mpira mweusi, wakikisukuma kwa magongo marefu. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kwa kuwa mchezo unachosha mno, mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja hivi, kisha hutoka na mwingine huingia. Hivyo kocha hasimami kutazama tu. Kila mara anaamua nani aingie, nani apumzike, nani aambiwe neno la kumtia moyo. Ni kama mama mwenye watoto ishirini na jiko moja.

Hapa Afrika Mashariki barafu ya namna hiyo ni ya kutengenezwa kwa mitambo. Jijini Nairobi, kwenye Hoteli ya Panari iliyo kando ya Barabara ya Mombasa, uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005, na vijana wa Kenya wakajifunzia hapo. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Kwa hiyo mchezo huu hauko mbali nasi kama tulivyofikiri.

Askari polisi aliyefundisha wasichana

Shannon Miller alizaliwa Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, nchi ya wakulima wa ngano. Alicheza mchezo huo tangu ujana wake, nyakati ambazo wasichana wengi hawakuwa na timu. Hakukuwa na ajira ya ukocha iliyokuwa ikimngojea. Alipata kazi ya polisi katika mji wa Calgary, na ukocha akaufanya kwa muda uliobaki baada ya zamu.

Hapo tulisimama kidogo. Wangapi kati yetu tunadhani kwamba anayependa michezo ni lazima awe mvivu wa kazi nyingine? Mwanamke huyu alikuwa na mshahara wake wa polisi, na kipaji chake hakukiacha kife.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake katika mchezo huo yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa yalifanyika mjini Ottawa mwaka 1990. Miller aliingia katika timu ya taifa ya Kanada kwanza kama kocha msaidizi. Mwaka 1997 alikuwa kocha mkuu, na Kanada ikawa bingwa wa dunia baada ya kuifunga Marekani 4-3 katika muda wa nyongeza.

Mwaka uliofuata, 1998, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kucheza mchezo huo katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, mjini Nagano, Japani. Wakanada wote walitazamia dhahabu. Siku ya tarehe 17 Februari walikutana na Marekani katika fainali, wakafungwa 3-1. Walirudi nyumbani na medali ya fedha, na kwa watu wengi wa nchi ile fedha ilikuwa aibu.

Mama msomaji, hapo ndipo tulipoelewa jambo la kwanza kuhusu kazi ya kocha. Timu ikishinda, sifa ni za wachezaji. Timu ikishindwa, lawama ni za kocha. Anayetaka kazi hii lazima awe na moyo wa kubeba lawama bila kuvunjika na bila kuwatupia watoto wake. Je, si moyo huohuo tunaoutumia sisi matokeo ya mtihani yanapotoka mabaya?

Mwenzake aliyekaa benchi lilelile

Katika benchi la Nagano alikuwapo pia kocha msaidizi, Danièle Sauvageau wa jimbo la Quebec. Yeye naye alikuwa askari polisi. Baadaye alikabidhiwa timu ya taifa, na mwaka 1999 na 2001 akaifikisha kwenye ubingwa wa dunia.

Kisha ikaja Olimpiki ya mwaka 2002 katika mji wa Salt Lake City, Marekani. Kabla ya mashindano hayo Kanada ilicheza na Marekani mara nane katika msimu huo, na mara zote nane ikafungwa. Fikiria uzito wa mama huyo kila asubuhi! Magazeti yanamsema, na wachezaji wenyewe wanaanza kuwa na shaka. Kisha siku ya fainali, tarehe 21 Februari, mwamuzi akawapa Wakanada adhabu nyingi kuliko wapinzani wao, hata mara kwa mara wakacheza wakiwa pungufu. Lakini walishinda 3-2. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wa Kanada katika mchezo huo.

Sauvageau hakuacha kazi ya polisi kwa miaka mingi, na hakuacha mchezo. Ligi mpya ya kulipwa ya wanawake ilipoanza mwaka 2024 huko Amerika ya Kaskazini, yeye ndiye aliyekuwa meneja mkuu wa timu ya Montreal. Na mwaka 2025 jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo, kwa kazi yake ya kuujenga. Tulimhesabia miaka: tangu benchi la Nagano hadi heshima hiyo ni miaka 27. Hii si kazi ya kuvuna kama maharage. Ni kama kahawa, unapanda leo na kungoja.

Kujenga nyumba kutoka msingi

Turudi kwa Miller. Baada ya Nagano alihamia Marekani. Chuo Kikuu cha Minnesota, tawi la Duluth, kilikuwa kinaanzisha timu ya wanawake, naye akaajiriwa kuwa kocha wake wa kwanza. Duluth ni mji ulio kwenye ufukwe wa Ziwa Superior. Akina mama wa Kagera tulipenda kujua hili: katika maziwa yote ya maji baridi duniani, ni hilo peke yake lenye eneo kubwa kuliko Ziwa Victoria, ambamo Kagera yetu inamwaga maji yake.

Miller alipofika hakukuta timu. Alitafuta wasichana mmoja mmoja, wengine Kanada, wengine Marekani, wengine mbali kabisa, kama vile Maria Rooth kutoka Swideni. Wasichana hao walikuja nchi ngeni, wengine wakiwa na lugha ngeni, wakiwa mbali na mama zao. Kocha alipaswa kuona kwamba wanasoma, wanafaulu, wanakula, na wanaelewana.

Mwaka 2001 vyuo vikuu vya Marekani vilifanya kwa mara ya kwanza mashindano ya ubingwa wa taifa wa mchezo huo kwa wanawake. Timu ya Miller, iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, ikawa bingwa. Ikawa bingwa tena 2002, na tena 2003, kisha 2008 na 2010. Ubingwa mara tano! Katika misimu 16 timu yake ilishinda zaidi ya mechi 380. Wengi wa wasichana wake walichezea mataifa yao katika Olimpiki.

Barua ya kumwondoa

Mwezi Desemba 2014, msimu ukiwa katikati, chuo kilitangaza kwamba mkataba wa Miller hautaongezwa utakapokwisha. Sababu iliyotolewa ilikuwa fedha: mshahara wake ulikuwa miongoni mwa mikubwa katika kazi hiyo, na chuo kilisema hakiwezi kuendelea kuulipa. Aliendelea kuwafundisha wasichana wake hadi mwisho wa msimu, akijua kwamba hana kazi.

Miller hakukubali kwamba fedha ndiyo sababu. Kwa miaka alikuwa amelalamika kwa wakubwa wake kwamba timu ya wanawake haitendewi sawa na timu ya wanaume. Huko Marekani ipo sheria ya mwaka 1972 inayokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kubagua watu kwa jinsia, na sheria hiyo inahusu michezo pia. Alifungua kesi. Mwezi Machi 2018, baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi. Liliona kwamba alibaguliwa kwa sababu ni mwanamke, na kwamba aliadhibiwa kwa kulalamika. Lilisema alipwe zaidi ya dola milioni 3 na laki 7. Baadaye pande mbili zilimaliza jambo hilo kwa mapatano.

Unaweza kusema, "Basi, mwisho mwema." Lakini tusijidanganye. Kesi ilichukua miaka. Alihamia California na kuanza biashara ndogo ili aishi. Mahakama inaweza kurudisha mshahara, lakini haiwezi kurudisha misimu ambayo mwalimu hakusimama mbele ya wanafunzi wake.

Tulipofika hapo katika mazungumzo yetu, mama mmoja kati yetu aliinamisha kichwa. Ndipo akatuambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia kwa miaka yote tuliyoimba naye. Zamani, kabla hajaja Murongo, alikuwa ameajiriwa. Alipopata ujauzito wa pili aliambiwa asirudi tena kazini. Hakuandikiwa barua. Hakuuliza. Alifunga mizigo yake akarudi kwao, akaamini kwamba kosa ni lake. "Nilidhani ndivyo ilivyo kwa wanawake," alisema. "Leo ndiyo kwanza nasikia kwamba mtu anaweza kukataa."

Sheria yetu inasema nini?

Kwa ajili ya mama huyo, na kwa ajili ya mabinti zetu watakaoajiriwa, tumetafuta sheria ya hapa nyumbani. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Tafadhali soma mambo haya na binti yako:

1. Mwajiri haruhusiwi kumbagua mfanyakazi kwa jinsia, kwa ndoa, wala kwa ujauzito.

2. Mama aliyejifungua ana haki ya likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84. Akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, ni siku 100.

3. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku katika saa za kazi.

4. Kumfukuza mtu kwa sababu ya ujauzito si halali.

5. Aliyeachishwa kazi isivyo haki anaweza kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asichelewe. Muda ni siku 30 tangu alipoachishwa. Wengi wetu hulia siku 60, na tunapofuta machozi muda umekwisha.

Tena, mfundishe binti yako kutunza karatasi: mkataba, barua, hati za malipo. Miller angesema nini mahakamani kama hangekuwa na kumbukumbu za miaka yake? Maneno ya mdomo hupeperuka kama makapi.

Na hapa kwetu je?

Baba wa yule binti angeweza kusema, "Hayo ni ya Wazungu." Basi tutazame nyumbani.

Ligi Kuu ya soka ya wanawake Tanzania ilianza msimu wa 2016/2017, na mabingwa wa kwanza walikuwa Mlandizi Queens. Mwaka 2021 timu yetu ya taifa, Twiga Stars, ilitwaa kombe la nchi za kusini mwa Afrika, COSAFA, kwa kuifunga Malawi 1-0 katika fainali. Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakafika robo fainali. Walikuwa wasichana wa umri wa kidato cha tatu na cha nne, kama huyu wa kwetu.

Je, wako wanawake makocha? Wako. Ester Chabruma alichezea Twiga Stars, kisha akageukia kufundisha, na mwaka 2023 aliiongoza JKT Queens katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake huko Ivory Coast. Edna Lema amefundisha Yanga Princess na kuwa kocha msaidizi wa Twiga Stars. Na katika mkoa wetu huu wa Kagera ametoka Jonesia Rukyaa, mwamuzi wa soka mwenye beji ya kimataifa, aliyewahi kuchezesha mechi ya watani wa jadi Simba na Yanga. Kama mwanamke wa Kagera anaweza kupuliza filimbi mbele ya Simba na Yanga na wanaume wakatii, basi yule mwenzetu aliyecheka habari ya filimbi shingoni amepata jibu lake!

Njia ya kusomea ipo pia. Serikali ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu ya viungo na michezo. Na katika soka kuna kozi za leseni za Shirikisho la Soka Afrika, mtu akianzia daraja D na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwalimu wa shule aliyesomea michezo ana kazi mbili mkononi: chaki na filimbi. Hili linafaa kuzingatiwa na mzazi anayeogopa kwamba mtoto atakosa mkate.

Kwa nini tunawahitaji makocha wanawake

Tulipokuwa tukimaliza ndizi, tulimwita binti mwenyewe tukamwuliza, "Mwanetu, kwa nini ukocha?" Alisitasita, akaangalia chini. Kisha akasema kwamba huko mashindanoni msichana mwenzake alianza hedhi siku ya mechi. Walimu wa timu walikuwa wanaume tu. Msichana yule aliona haya kusema, akajifanya mgonjwa wa tumbo, akaitwa mvivu mbele ya wote. "Nilimpa sweta yangu ajifunge," alisema. "Nikafikiri, angekuwapo mwalimu wa kike angeelewa."

Hakuna aliyecheka tena. Mama gani hajui aibu ile?

Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba binti anapoitwa kwenda kambini au kwenye mashindano, mzazi asiseme tu "nenda" au "usiende". Aulize: Nani anawaongoza? Yuko mwalimu wa kike au matroni? Watalala wapi, na wavulana watalala wapi? Nani ana simu ya mzazi? Je, mtoto amefungasha vitambaa vyake au taulo za kike? Anayekasirishwa na maswali haya hastahili kukabidhiwa mtoto. Anayeyajibu vizuri, mshukuru na umpe ushirikiano.

Maneno kwa baba wa nyumba

Ilibaki kazi ngumu kuliko zote. Tulijua kwamba tukienda akina mama sita nyumbani kwa yule baba itaonekana ni vita. Tukamshauri mwenzetu aseme naye mwenyewe, jioni, baada ya chakula, si mbele ya watoto, wala si siku ambayo bei ya kahawa imemwudhi. Tena asianze kwa kusema, "Umekosea." Aanze kwa kumwuliza anaogopa nini.

Alifanya hivyo. Na kumbe baba hakuchukia mpira. Aliogopa kwamba binti ataharibikiwa safarini, na kwamba ada itapotea wakati wadogo zake watatu bado wanasoma. Hiyo ni hofu ya mzazi mwenye upendo. Mama alimweleza habari za Malya, habari za mwalimu mwenye chaki na filimbi, na habari ya sweta. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Hatimaye akasema, "Amalize kidato cha nne kwanza. Akifaulu, tutaongea."

Hakusema ndiyo. Lakini ada ililipwa, na binti amerudi shuleni. Anajua kwamba sasa hesabu na Kiingereza ndizo mechi zake za kwanza.

Alipokuja likizo, aliomba ruhusa ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akaanza kuwafundisha wasichana wadogo kila Jumamosi asubuhi. Uwanja wenyewe una mteremko, na mpira ukipigwa vibaya unakimbilia upande wa mtoni, basi watoto wanaufuata kwa makelele hadi kwenye migomba ya jirani. Mama yake alishona vizibao kumi na vinne kwa mabaki ya vitenge, nusu vyekundu na nusu vya bluu. Jumamosi iliyopita tulikwenda kutazama. Kibinti kimoja kilipokosa goli na kuanza kulia, mwalimu wake alichuchumaa mbele yake, akamfuta vumbi usoni, akamwambia neno ambalo hatukulisikia. Mtoto akarudi mchezoni akikimbia.

Upande wa pili wa uwanja, chini ya mparachichi, alisimama baba yake. Alisema alikuwa akipita tu kwenda dukani. Lakini duka liko upande mwingine.

Ya kuzungumza katika kikundi chenu

1. Je, binti yako ana kipaji gani ambacho hujawahi kumwuliza habari zake?

2. Katika shule ya hapo kwenu, msichana akipata shida ya kike wakati wa michezo, anamwendea nani?

3. Yuko mama katika kikundi chenu aliyeondolewa kazini isivyo haki, akanyamaza? Mmewahi kumsikiliza?

4. Wewe na mwenzako mnapotofautiana juu ya masomo ya mtoto, mnazungumza lini na mahali gani?